Graniti, Mtoto wa Nani?

Mtu akifika katika parokia asikojulikana na kutaka kufunga ndoa, padre humwomba cheti cha ubatizo. Hafanyi hivyo kwa kumdhania uwongo. Ataka tu kujua mgeni huyu alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, na kama kuna jambo lililofichika nyuma yake. Mawe hayana cheti. Hata hivyo, tangu miaka hamsini hivi wataalamu wamejifunza kuiuliza graniti maswali hayohayo, nayo huyajibu. Haijibu kwa sura yake, maana sura hudanganya. Hujibu kwa vitu vilivyochanganyika ndani yake, ambavyo huchunguzwa kwa elimu ya kemia.

Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana walio shuleni, jinsi maswali hayo yanavyoulizwa. Jambo lenyewe si la mbali nasi. Kasiteriti ya Maniema, koltani ya Kivu, lithiamu ya Manono: mali hizo zote zaletwa na graniti za ukoo fulani, wala si na graniti yoyote. Maelfu ya baba na vijana huingia mashimoni kila asubuhi kuzitafuta kwa sururu na beleshi, na wengi wao hawajaambiwa kamwe kwa nini kilima kimoja kina mali na kilima cha jirani, chenye mawe yanayofanana nacho, ni kitupu.

Graniti ni lile jiwe gumu lenye madoadoa, jeupe au la kijivu, pengine lenye wekundu kidogo. Ukilipasua na kulitazama juani, utaona punje za namna tatu. Zile ziangazazo kama kioo ni kwatsi. Zile nyeupe au nyekundu kidogo, zenye nyuso bapa, ni feldispari. Na vile vigamba vyembamba vinavyobanduka kwa ukucha ni ulanga, ambao wengi kwetu huuita mika. Waliofika Mwanza, penye Ziwa Victoria, wameyaona mawe makubwa ya graniti yamepandana juu ya maji kana kwamba yamepangwa na majitu. Sehemu kama 70 katika 100 za graniti ni silika, kitu kilekile kifanyacho mchanga. Kwa hiyo ukiyatazama kwa macho tu, mawe mawili ya graniti yaweza kufanana kama mapacha, kumbe hayana undugu hata kidogo.

Zamani walimu wa Ulaya walibishana sana juu ya asili ya jiwe hili. Huko Freiberg, katika Ujerumani, mwalimu Abraham Gottlob Werner alifundisha kwamba graniti ilitulia chini ya bahari ya kwanza iliyoifunika dunia yote, kama chumvi ibakiavyo chini ya sufuria. Mskoti James Hutton hakukubali. Mwaka 1785 alikwenda katika bonde la Glen Tilt, huko Uskoti, akaona mishipa ya graniti nyekundu imepenya kati ya mawe meusi, imeyapasua na kujaza nyufa zake. Kitu kigumu hakiwezi kupenya namna ile. Basi graniti ilikuwa kwanza uji wa moto, nayo ilikuja baada ya mawe yale meusi, si kabla yake.

Hutton alishinda, lakini ushindi wake ulizaa swali jingine lililokaa karibu miaka mia mbili: uji huo ulitokana na kuyeyuka kwa kitu gani? Mmarekani Orville Tuttle na Norman Bowen, mzaliwa wa Kanada, walisaga mawe, wakayatia katika vyombo vidogo vya chuma pamoja na maji, wakayakandamiza kwa nguvu nyingi na kuyapasha moto. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1958, Bowen akiwa amekwisha kufariki. Ilionyesha kwamba penye maji na uzito wa kutosha, graniti huyeyuka kwenye moto wa digrii zipatazo 650 au 700 tu. Hiyo ndiyo sababu mawe ya namna nyingi sana, yakipashwa moto chini ya ardhi, hutoa kwanza uji wenye sura ya graniti. Wazazi ni wengi, watoto wafanana. Ndiyo maana ukoo ulikuwa mgumu kutambulika.

*Herufi mbili za Kilatini*

Jibu lilitoka Australia. Bruce Chappell wa chuo kikuu cha Canberra na mwenzake Allan White walikuwa wakipima graniti za milima ya kusini-mashariki ya nchi ile, karibu na Kosciuszko na Berridale. Walikusanya mawe mengi, wakapima kila moja lina kiasi gani cha sodiamu, potasiamu, kalsiamu, alumini na chuma. Mwaka 1974 walitoa andiko fupi, la kurasa chache tu, wakasema kwamba mawe yao yajitenga katika makundi mawili. Kundi la kwanza waliliita I, la pili S. Wanafunzi wetu wa Kilatini watazikumbuka herufi hizo bila shida: *ignis* ni moto, na *sedimentum* ni kile kinachotulia chini, yaani mashapo. Graniti za I zilitokana na mawe yaliyokuwa yametoka katika moto tangu mwanzo, yakayeyushwa mara ya pili. Graniti za S zilitokana na tope.

Naam, tope, tope la ziwani na baharini, lile likwamishalo motakari zetu wakati wa mvua. Kila Jumatano ya Majivu tunapopakwa majivu twakumbushwa kwamba sisi tu mavumbi. Wachache wamewaza kwamba jiwe la graniti, ambalo watu hulichukua kuwa mfano wa kitu kisichobadilika, nalo pengine lilikuwa mavumbi yaliyochukuliwa na mto.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: wamejuaje? Moto wa digrii 700 au 800, chini ya ardhi kilometa 20 au 30, huondoa kila alama ya tope. Hakuna tabaka lililobaki, hakuna gamba la konokono. Ushahidi umebaki katika kitu ambacho hakimo.

Tuanze na mvua. Maji ya mvua yakipita hewani na kupenya udongoni huchukua hewa ya ukaa, nayo huwa makali kidogo, kama siki iliyotiwa maji mengi sana. Yakilifikia jiwe huila feldispari polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka imegeuka kuwa udongo wa mfinyanzi. Katika kuoza huko vitu vilivyokaa pamoja hutengana, kama watoto wa nyumba moja wanaoshika kila mmoja njia yake. Sodiamu hupenda maji: huyeyuka, hufuata kijito, hufuata mto, huingia baharini na kukaa humo muda mrefu sana. Ndiyo hiyo iliyomo katika chumvi tuitiayo mboga. Kalsiamu nayo husafiri, na baharini viumbe wadogo huitwaa na kujijengea magamba, ambayo mwishowe huwa mawe ya chokaa. Potasiamu huanza safari, lakini udongo wa mfinyanzi huinasa njiani. Alumini haiendi popote. Haiyeyuki kwa urahisi, hubaki pale pale katika udongo.

Kwa hiyo tope ni kitu kilichokwisha kufuliwa. Likizikwa, likafunikwa na matope mengine kwa mamilioni ya miaka, likashuka mpaka penye moto na kuyeyuka, uji utakaotoka utakuwa na alumini nyingi, potasiamu ya kutosha, na upungufu wa sodiamu na kalsiamu. Moto waweza kuligeuza tope kuwa jiwe gumu, lakini hauwezi kuirudisha sodiamu iliyokwenda baharini. Chappell na White waliweka hata kipimo: katika graniti yenye potasiamu sehemu 5 katika 100, ikihesabiwa pamoja na oksijeni yake, ukoo wa I una sodiamu zaidi ya 3.2, na ukoo wa S una pungufu ya hapo.

Alumini nayo ina hesabu yake. Feldispari huchukua alumini kwa kipimo maalum: kila chembe ya sodiamu au ya potasiamu huja na chembe moja ya alumini, na kila chembe ya kalsiamu huja na mbili. Katika graniti ya S chembe za sodiamu na kalsiamu ni chache, alumini ni nyingi, nayo hukosa mahali pa kukaa. Ziada hiyo hujitengenezea nyumba nyingine: ulanga mweupe, garneti nyekundu, na jiwe la samawati liitwalo kordieriti. Graniti ya I haina ziada hiyo. Badala yake huwa na vijiti vyeusi vya honiblendi, ambavyo huhitaji kalsiamu. Hivyo aliyefundishwa aweza mara nyingi kuutambua ukoo kwa kioo cha kukuzia tu, akiwa bado porini. Wakati mwingine jiwe limebeba hata vipande vya mzazi wake ambavyo havikuyeyuka.

*Shahidi wa pili na wa tatu*

Mahakama njema haihukumu kwa shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni kitu kiitwacho strontiamu.

Kuna rubidiamu, ambayo ni kama ndugu mdogo wa potasiamu: popote potasiamu inaposhikwa, rubidiamu nayo huwapo. Namna moja ya rubidiamu, yenye uzito wa 87, hujigeuza polepole mno kuwa strontiamu ya uzito huohuo. Kwa polepole twamaanisha kwamba nusu yake huhitaji miaka karibu milioni 49,000 ili igeuke, na dunia yetu yenyewe haina zaidi ya miaka milioni 4,600. Sasa, tope limeshika potasiamu, basi limeshika na rubidiamu. Tope likikaa sana, strontiamu 87 huongezeka ndani yake. Mawe yaliyotoka chini kabisa ya dunia, yasiyo na rubidiamu nyingi, hayaongezi kitu kikubwa. Wataalamu hulinganisha strontiamu 87 na strontiamu 86, ambayo haiongezeki, kisha huondoa katika hesabu kile kilichozaliwa baada ya graniti kuganda, kama mweka hazina atenganishavyo mtaji na faida. Katika milima ile ya Australia, ukoo wa I ulianza maisha na hesabu ya 0.704 mpaka 0.706, ukoo wa S ulianza na zaidi ya 0.708. Tofauti ni ndogo kama punje ya haradali, lakini vyombo vya leo huipima bila wasiwasi.

Shahidi wa tatu ni zirkoni, chembe ngumu isiyoonekana vizuri kwa macho matupu. Zirkoni hubeba urani, na urani hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana. Kwa hiyo kila chembe ni saa ndogo. Ni ngumu kiasi kwamba yaweza kuvunjwa na mto, kuzikwa katika tope, kupita katika uji wa moto, na bado kiini chake kikahifadhi umri wa zamani. Kongwe kuliko zote zilizopatikana, katika vilima vya Jack Hills huko Australia, zina miaka milioni 4,400 hivi. Ukikuta ndani ya graniti zirkoni zilizo kongwe kupita graniti yenyewe, tena za umri mbalimbali, hapo una kama vitabu vya parokia kadhaa vilivyookolewa katika nyumba iliyoungua.

*Graniti za kwetu*

Milima ya Kibara, katika Katanga ya zamani, imetoa jina lake kwa mkanda mrefu wa mawe unaopita Maniema na Kivu, ukaingia Rwanda na Burundi, ukafika Karagwe katika Tanzania na kusini-magharibi ya Uganda. Sehemu kubwa ya mkanda huo ni tope na mchanga vilivyogeuka mawe. Na katikati ya mashapo hayo graniti zimejaa tele.

Wa kwanza kupima umri wao kwa njia ya rubidiamu walikuwa wataalamu wa Ubelgiji, miongoni mwao Lucien Cahen, aliyekuwa mkuu wa jumba la makumbusho la Tervuren. Mwaka 2010 Luc Tack na wenzake walitoa hesabu mpya zilizopimwa kwa zirkoni. Graniti nyingi za mkanda huu, walisema, zilizaliwa miaka kama milioni 1,375 iliyopita, nazo ni za ukoo wa S. La ajabu ni kwamba wakati uleule ulipanda kutoka vilindini uji mweusi wa namna nyingine kabisa, ule ulioleta nikeli ya Musongati katika Burundi na ya Kabanga katika Tanzania. Yaelekea uji huo mweusi ndio uliokuwa kuni: ulileta moto, na tope la juu yake likayeyuka. Ndiyo sababu katika nchi zilizo jirani hivi twaona mali mbili zisizo na ukoo mmoja.

Lakini bati halikuja siku hiyo. Lilikuja baadaye sana, pamoja na graniti chache, ndogo, zenye ulanga mweupe, ambazo wataalamu wamezoea kuziita graniti za bati. Ile ya Kasika, katika Kivu ya Kusini, imepimwa kuwa na miaka karibu milioni 986. Nazo ni watoto wa mawe ya juu ya dunia, yaliyokwisha kufuliwa na mvua. Alumini yao na strontiamu yao hushuhudia hivyo.

Kwa nini bati lafuata ukoo wa tope? Mjapani Shunso Ishihara alitoa mwanga mwaka 1977, alipoonyesha kwamba graniti za Japani hujigawa kwa sumaku: nyingine zina sumaku kwa sababu ya chuma cha magnetiti, nyingine hazina. Tope huwa na mabaki ya mimea na viumbe, yaani kaboni, na kaboni hiyo ikipata moto hula oksijeni, kama mkaa ufanyavyo katika tanuru ya mhunzi. Penye oksijeni kidogo magnetiti haiundwi. Bati nalo, likikosa oksijeni, haliingii katika chembe za kwanza zinazoganda. Hubaki katika uji. Uji unapoendelea kuganda, bati hukusanyika katika maji ya mwisho pamoja na lithiamu, tantali na vitu vingine vilivyokosa nafasi. Mama achemshaye maji ya chumvi ajua jambo hili: maji yapungua, ukali wazidi. Uji huo wa mwisho hupenya katika nyufa za mawe ya jirani na kuganda kwa chembe kubwakubwa. Jiwe hilo huitwa pegmatiti. Pegmatiti ya Manono, katika mkoa wa Tanganyika, ina urefu upatao kilometa 15. Humo zimo kasiteriti, koltani, na lile jiwe la lithiamu liitwalo spodumeni.

Shaba ya Kolwezi na Likasi ni habari nyingine. Yenyewe imo katika matabaka ya mashapo, wala hatuwezi kuiwekea baba wa graniti.

Yatubidi pia kuonya. Herufi za Chappell na White hazikumaliza mabishano. Wengine wamejibu kwamba graniti nyingi ni machotara: uji wa tope na uji wa vilindini vikichanganyika katika chungu kimoja. Tena graniti ya I ikiganda mpaka mwisho kabisa yaweza kupata ziada ya alumini na kujifanya S. Ukoo wa tatu, ulioitwa A, umeongezwa tangu mwaka 1979. Sisi twaona kwamba mabishano hayo hayaondoi kazi ya kwanza. Sodiamu ikikosekana, imekosekana, na lazima mtu aeleze ilikokwenda. Ila mtu asiwadanganye wanakijiji kwa kusema, jiwe hili ni la ukoo wa S, basi chimbeni, bati lipo. Ukoo waonyesha mahali panapofaa kutafutwa. Hauonyeshi kiasi, wala hauonyeshi kama kuta za shimo zitasimama.

Mwanafunzi atakaye kujaribu mwenyewe na atafute sumaku, hata ile ya redio iliyoharibika, pamoja na uzi. Aifunge sumaku ining'inie, ailete polepole karibu na jiwe la graniti lililopasuliwa sasa hivi. Asitumie jiwe lililokaa juani na mvuani, maana kutu hubadili mambo. Jiwe likiivuta sumaku hata kidogo, magnetiti imo, na huenda ni ukoo wa moto. Lisipoivuta kabisa, alitazame tena mwangani kama lina vigamba vya ulanga mweupe, kisha aandike katika daftari jina la kilima na la kijito kilicho karibu, na amwonyeshe mwalimu wake.